Umelipiga Pasipotaka

Alhamisi usiku, Mabatini. Nasahihisha.
Nyuma ya dirisha langu hakuna uwanja, kuna jabali,
na mgongoni mwake jirani ameanika soksi na udaga.

Swali la kwanza: Taja aina tatu za miamba.
Masunga kaandika: ya moto, ya baridi, ya uvuguvugu.
Nikacheka peke yangu, kalamu nyekundu hewani,
hadi nilipokumbuka kwamba mama yake anauza chai Buzuruga.

Lushinge, kuanzia la pili hadi la sita, kajibu dhahabu.
Madini laini kuliko yote? Dhahabu.
Madini ya kutengenezea chaki? Dhahabu.
Baba yake yuko Geita, mwaka wa tatu huu.
Salamu zinafika.

Nyanjige kapata kumi juu ya kumi.
*Mwamba tabaka ni mwamba uliotokana na
kulundikana, kwa mashapo*,
neno kwa neno; hata ile koma niliyoikosea ubaoni
ameinakili kwa heshima zote.

Na hii ya Nkwimba: mbili.
Swali la saba, Eleza namna ya kupima ugumu wa madini.
Nilitaka kucha, sarafu, msumari, kipande cha kioo,
kwa mpangilio huo.
Yeye kaandika: *Unauliza nyundo.*
Nikapiga mkasi. Karatasi ikatoboka.

Ijumaa nikawatoa nje, nyuma ya vyoo,
pale jabali la shule linapoingia ardhini kama kiboko.
Nikampa Nyanjige jiwe la kijivu, ukubwa wa kiazi.
Ni nini hiki?
Akaligeuza, akaligeuza tena, akitafuta maandishi.
"Ni jiwe, mwalimu."
Kweli. Sikuwa na pa kumkata.

Nkwimba aliligonga kwa kijiwe kingine, akatega sikio
kama anayechagua tikiti Kirumba.
"Hili lina chumvi na pilipili," akasema.
"Chumvi ndiyo ngumu, inakwaruza kioo.
Hii ya rangi ya ufizi inakatika kwa ngazi, ona.
Na hivi vinavyometa ni maganda tu, unabandua kwa kucha.
Ndivyo vinavyomwingia mama machoni."

Kwatzi, nikasema moyoni. Felspa. Ulanga.
Tatu juu ya tatu, na hajui jina hata moja.

"Nani kakufundisha?"
"Ndoo."
Ndoo ya kokoto mwenye lori anailipa ikijaa, akaeleza;
ukichagua jiwe bovu linakupa vumbi, na vumbi halinunuliwi.
Kwa hiyo mnajua. Mnachoma matairi juu ya jabali usiku,
alfajiri mnalimwagia maji,
nalo linavua ngozi moja, kama kitunguu.

Kitabu kina habari hiyo, ukurasa wa thelathini na nne,
mchoro umefifia. Huwa nauruka.

Akakimbia chini kwa mama yake, akarudi na nyundo,
mpini umeviringwa mpira wa baiskeli.
"Piga hapa, mwalimu. Penye mstari."
Nikapiga. Jiwe likaniangalia.
Nikapiga tena: cheche,
na ganzi ikapanda mpaka kwenye kiwiko.
Masunga alijiziba mdomo kwa sweta.

"Umelipiga pasipotaka."
Hakusema kwa kejeli. Alisema kama nisemavyo mimi
ninapomrudishia mtu daftari.
Akaligusa mara moja, wala hakuinua mkono juu,
na jiwe likafunguka; ndani mlikuwa na mshipa mweupe
ambao jua lilikuwa halijawahi kuuona.
"Huu nani aliumimina?" akauliza.
Nikasema tutaangalia wiki ijayo.

Ndipo akachomoa kalamu nyekundu sikioni mwangu,
akakifungua kiganja changu, akaandika:
nne juu ya kumi.
Moja, akasema, ameniongezea kwa juhudi.

Leo Jumapili. Fomu ya matokeo iko mezani,
inataka tarakimu, kwa wino wa bluu, bila kufutwafutwa.
Nimejaza jina la shule.
Nimejaza tarehe.
Nikinawa, nanawa mkono mmoja.